Mwanawema na Bafta ya Ruhani

Mwanawema binti Vuai alikuwa mtu wa hasira, na mimi simlaumu. Nimeitembea Pemba hii miaka mingi, nikishona majamvi ya watu na kula kwa watu, na nimeona hasira za kila namna: za mipaka ya mashamba, za mirathi, za wake wenza. Hasira yake yeye ilikuwa nyingine. Ilikuwa hasira ya mtu anayesema jambo moja kila siku, kwa maneno yaliyonyooka, na kila siku watu wanamjibu mtu mwengine.

Alizaliwa Makoongwe, kile kisiwa kidogo kilichoko mbele ya Mkoani. Tangu hajajua kutembea vizuri alikuwa na maradhi ya mifupa. Yakimshika, vidole vinavimba, magoti yanawaka, nyonga inakuwa kama inatiwa patasi. Yanakaa, yanaondoka, yanarudi tena. Yalipenda baridi yale. Mvua ikinyesha sana, au akioga maji ya kisima alfajiri, huyasikia yanakuja kabla hayajafika.

Mama yake, Bi Masika, hakuwa mganga. Alikuwa mwanamke wa kuokota kome na kusuka ukili. Lakini kwa kumuuguza mtoto mmoja miaka yote, alijua la kufanya: anateka mchanga pwani, anaukaanga kwenye chungu, anaufunga kwenye kitambaa, anamkanda mtoto pale panapouma. Anamnywesha maji vuguvugu mpaka mtoto anakataa, kisha anamfunika. Maradhi hayaponi, lakini yanalegea, na mtoto anapata usingizi.

Basi Mwanawema akaolewa Mgogoni, na Nassor, mchumaji karafuu, mrefu, mpole, mdomo mzito. Ilikuwa kabla ya vita vya Hitla. Nyumba ilikuwa ya mama yake Nassor, Bi Radhiya, na maneno ya nyumba yalikuwa yake. Bi Radhiya hakuwa mtu mbaya. Alizika watoto wengi, akabaki na Nassor peke yake, na tangu hapo akawa anaogopa kila kitu asichokiona. Mke wa mwanawe alipoanza kulia usiku kwa mifupa, hakumuuliza yeye. Alimwita Himid, fundi wa mashetani.

Himid akafukiza ubani, akasikiliza, akasema: sheitani. Wa baharini. Kamfuata tangu Makoongwe. Mwanamke huyu ni kiti chake tu, anakaa anapotaka. Tena akasema neno moja lililokuja kuwa kubwa: akishika mimba asivuke bahari, maana mwenyewe atamchukua mtoto katikati ya maji.

Na mimba akaishika.

Kwa desturi yetu, mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwa mama yake. Hili halikuhitaji kuombwa. Lakini mama yake Mwanawema yuko ng'ambo ya maji, na Himid keshasema.

Msimu ule karafuu zilikuwa nyingi. Wanawake wa nyumba na wa jirani walikaa uani juu ya jamvi wakichambua, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, karafuu kule. Mwanawema alikaa nao, tumbo limeshuka, mguu wa kushoto ameunyoosha kwa sababu nyonga haikubali kukunjwa. Mtoto akigeuka, nyonga inawaka mpaka kwenye goti. Kulala chali hawezi, kulala ubavu hawezi. Usiku alikuwa akilala ameketi, amegemea gunia la makumbi.

"Mama," alimwambia mavyaa wake, "mwezi wangu umekaribia. Nnataka kwenda kwetu."

Bi Radhiya hakuinua macho. "Tumeshayazungumza hayo. Bahari huvuki."

"Weye mwenyewe mimba ya kwanza ulizalia kwenu."

"Kwetu hakuna bahari katikati."

"Makoongwe ukipika samaki, Mkoani wanasikia harufu! Bahari gani hiyo?"

"Hiyo hiyo anayokaa mwenyewe."

Mwenyewe, yaani sheitani. Hawakupenda kumtaja.

"Mama, nyonga inaniuma. Inaniuma miye. Hamna mtu mwengine humu ndani."

"Ndivyo anavyotaka useme."

Hapo Mwanawema akapiga kelele. Hakulia, alipiga kelele kama mtu aliyeibiwa, akachota karafuu kwa mikono miwili akazirusha, zikamwagika vichwani mwa watu. Mwanamke mmoja akasema polepole:

"Kapandwa."

"Sijapandwa!"

"Kapandwa, huyo. Sikiliza sauti."

Bi Radhiya akavua kanga yake ya juu, akamfunika nayo Mwanawema kichwa na uso, akapiga magoti mbele yake. Akasema kwa sauti ambayo Mwanawema hakuwahi kuisikia tangu aingie nyumba ile, sauti laini, ya adabu:

"Karibu, bwana mkubwa. Umekuja kwa heri? Sema unachotaka, bwana wangu, tukupe."

Mwanawema aliniambia alipokuwa mtu mzima kwamba pale ndipo hasira ilipomwingia mpaka kwenye ini. Yeye aliomba mto wa kuweka mgongoni akaambiwa mvivu. Aliomba maji ya moto ya kuoga akaambiwa anamaliza kuni. Sasa mtu asiyekuwapo anapigiwa magoti.

"Nataka hii kanga itoke usoni," alisema chini ya nguo, "nashindwa kupumua!"

"Anataka kanga," alisema mmoja.

"Rangi gani, bwana mkubwa?" aliuliza Bi Radhiya. "Nyekundu au ya samawati?"

Siku ile Nassor aliporudi shamba alipata habari zote njiani kabla hajaufikia mlango wake. Akaingia chumbani, akakaa chini karibu na mkewe, akachezea ukingo wa mkeka kwa muda.

"Kwa nini huwapi wanachokitaka?" alisema mwisho. "Wakikuuliza tena, jibu kwa sauti nzito. Sema, nipelekeni Makoongwe. Watakupeleka mbio."

Mwanawema akamtazama. "Hata weye?"

"Miye najua ni weye. Nakupa njia tu."

"Unajua ni miye, na unakaa kimya barazani?"

Nassor akarudi kuuchezea ukingo wa mkeka.

"Sikiliza, bwana. Nikisema kwa sauti yake leo, nimekwisha. Nikiumwa kesho, ni yeye. Nikichoka, ni yeye. Nikikwambia neno hulipendi, utasema si mke wangu huyo, ni yule. Na huyu mtoto akija akaniita, ataambiwa angoje, mama yake hayupo, kuna mtu kamkalia. Sitaki. Wanisikie miye, kwa mdomo wangu huu huu."

"Na wasipokusikia?"

"Nitapiga kelele zaidi."

Akazipiga, na kila alipozipiga, habari za sheitani zilienea. Watu wa shamba la pili walikuja kumwangalia. Wengine walileta shida zao: mmoja aliuliza mbuzi wake kapotelea wapi. Mwanawema akamjibu kwamba mbuzi kamkimbia kwa harufu yake. Yule mtu akaondoka ameridhika, akasema sheitani huyu ni mkali lakini mkweli.

Mwisho Himid akaitwa tena. Akaja na majani yake kwenye kikapu, akamkuta Mwanawema kakunja uso, akasema: hasira imempanda mwenyewe, lazima apozwe. Aogeshwe vuo. Majani yalowekwe kwenye maji ya kisima yaliyotekwa kabla ya jua, amwagiwe kutoka utosini, tena yasitiwe moto hata kidogo, kwa sababu wa baharini hataki moto.

"Fundi," Mwanawema alisema, na safari hii alisema taratibu, akijizuia. "Baridi ndiyo inayoniletea. Muulizeni mama yangu. Nikipata baridi, siinuki."

Himid akamgeukia Bi Radhiya. "Umesikia? Anaogopa vuo. Ndiyo dawa yenyewe."

Wakamshika mikono. Wanawake wanne, na mwenye mimba pevu. Mimi nimekula kwenye nyumba ile baadaye, na walinikirimu, Mungu awalipe, lakini nikikumbuka hilo wali hunikwama. Walimmwagia maji kata baada ya kata, na yeye anatetemeka, meno yanagongana, na tumbo limekakamaa kama ngoma iliyowambwa.

Jua halijafika kichwani maradhi yakawa yameshafika. Hayakuja mahali pamoja kama kawaida yake. Yalikuja mikononi, mgongoni, kifuani, nyonga zote mbili. Alishindwa kushika kikombe. Alishindwa hata kupiga kelele, kwa sababu kupumua tu kulimuuma. Na mtoto akatulia. Mtoto aliyekuwa akimpiga mateke asubuhi na jioni, akatulia tuli, na kutulia kule kulimtisha kuliko maumivu yote. Akajua akiogeshwa mara ya pili, mmoja wao hatatoka katika nyumba ile mzima.

Baada ya alasiri Himid akarudi kumaliza kazi. Chetezo kikawekwa mbele yake, ubani ukatiwa, chumba kikajaa moshi na wanawake. Wanaume walibaki barazani, Nassor kasimama mlangoni. Ndoo ya vuo ilikuwa pembeni, na majani yakielea juu.

"Nani wewe?" aliuliza Himid.

"Mwanawema binti Vuai."

"Jina la kiti tunalijua. Tunauliza jina la aliyekaa."

"Hajakaa mtu."

"Kabila gani?"

"Mtu wa Makoongwe."

Mtu akacheka mlangoni. Himid hakucheka.

"Unataka nini?"

"Maji ya moto. Na mama yangu."

"Mkaidi," alisema Himid, akaichovya kata ndani ya ndoo.

Mwanawema alipoiona kata inainuka, hakuomba wala hakujikinga. Alianza kusoma Ayatul-Kursiyyu. Aliisoma kwa sauti ya juu, na hasira yote ndani yake, lakini kila herufi mahali pake, vile alivyofundishwa chuo cha Kurani Makoongwe akiwa mdogo. Akivuta pumzi kifua kinamkata, na anaendelea. Hakuna mtu mle ndani asiyejua kwamba aya ile humfukuza sheitani. Himid mwenyewe aliitumia. Mwanawema akaisoma mpaka mwisho, akainua uso, jasho linamtiririka.

"Haya!" alisema. "Sheitani gani anaisoma hiyo mpaka mwisho? Nani aliyesoma, kama si miye?"

Kata ikabaki hewani. Ubani ulikuwa ukipasuka kwenye makaa. Mwanawema alidhani kashinda.

Himid akaiteremsha kata polepole. Akavua kofia. Machozi yalimlengalenga.

"Subhanallah," alisema. "Tumemkosea heshima. Huyu si wa baharini hata kidogo. Huyu ni ruhani!"

Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Ruhani, kwao, alikuwa mkubwa wa hao wote: Muislamu, msomi, anayependa usafi, marashi na nguo nyeupe. Haingii kila nyumba.

"Mwarabu," alisema Himid. "Mmesikia matamshi yale?"

"Mashaallah," alisema Bi Radhiya, mkono kifuani. "Ndani ya nyumba yangu!"

Mwanawema akacheka. Waliokuwapo waliniambia ni kicheko kibaya kuliko kelele zake zote. Akalaza kichwa kwenye gunia la makumbi, akafumba macho.

Ndipo Nassor akasema kutoka mlangoni, Nassor yule asiyesema.

"Fundi, ruhani anakaa baharini?"

"Ruhani? La, astaghfirullah. Ruhani hukaa mahali safi, penye twahara."

"Basi bahari haimhusu."

Himid akafungua mdomo, akakuna ndevu. "Haimhusu," alisema mwisho.

"Na vuo?"

"Vuo la nini tena? Ruhani haogeshwi vuo."

"Basi kesho asubuhi atakwenda kwa mama yake."

Bi Radhiya akageuka. "Kwa amri ya nani?"

Nassor akamtazama mama yake, akamtazama mkewe aliyelala, akachagua lililo jepesi. "Kwa amri ya ruhani, mama."

Mwanawema akafumbua macho.

Asubuhi walimpakia kwenye gari la ng'ombe, juu ya magunia ya makumbi, na mkeka juu yake. Njia ya Mkoani ilikuwa mawe na mizizi, na kila gurudumu likiruka, Mwanawema aliuma upindo wa kanga. Nassor alitembea pembeni akimshikia mwavuli. Alimuuliza kama anataka maji. Hakujibiwa. Alimuuliza kama waende polepole. Hakujibiwa. Mtoto alikuwa kimya bado.

Walifika Mkoani jua kali. Wachukuzi walikuwa wakipanda na kushuka na magunia, wavuvi wanatandaza nyavu. Mwenye mtumbwi, jina lake Mbarouk, akaja akamwangalia mgonjwa, akatikisa kichwa.

"Mimba pevu namna hii mnavuka naye? Nani kasema?"

"Ni ruhani wake," alianza Nassor, "kataka..."

Mwanawema akajiteremsha kwenye gari. Hakusubiri mkono wa mtu. Akaenda hatua chache akishikilia tumbo, akakaa chini kwenye mchanga wa pwani kama gunia lililoangushwa.

"Sivuki."

"Ah! Umekuwaje?" alisema Nassor. "Si ndicho ulichokitaka?"

"Mbarouk kakuuliza swali. Mjibu."

"Nimeshamjibu."

"Hujamjibu. Nani kasema nivuke? Nassor! Nakuuliza weye, nani kasema?"

Wachukuzi wakatua mizigo. Zama zile mke hamwiti mumewe kwa jina, sembuse pwani, sembuse kwa sauti ile. Na mume naye hamtaji mkewe mbele ya wanaume wenziwe. Husema mtu wangu, au wa nyumbani. Nassor akaangalia miguu yake.

"Twende, mtu wangu. Watu wanatutazama."

"Watazame. Nitazalia hapa hapa, na mchukuzi ndiye atakayenipokea." Maumivu yakamshika, akaingiza vidole mchangani mpaka vikapotea. Mchanga ulikuwa wa moto kwa jua. Akaiegemeza nyonga yake ya kushoto juu yake, akauma meno, akamtazama mumewe bila ya kupepesa. "Nani kasema?"

"Kasema... Mwanawema," alisema Nassor.

"Sikusikia."

"Mwanawema!" Nassor akapiga kelele, na naye sasa alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa juu ya nafsi yake. "Mwanawema binti Vuai, mke wangu! Kasema yeye, kwa mdomo wake, tangu karafuu hazijaanza kuchumwa, na sote tunamsikia! Nyonga inamuuma. Anataka kwa mama yake. Hana ruhani wala hana nini!"

Mbarouk akamtazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Si ungelisema hivyo tangu mwanzo? Mpandishe, maji yanakupwa."

"Na jina lenyewe zuri," alisema mchukuzi mmoja. "Ulikuwa unatuficha la nini?"

Mwanawema akanyoosha mkono, Nassor akamwinua.

Makoongwe, Bi Masika aliwaona tangu wako majini. Aliingia mpaka magotini kumpokea mwanawe. Hakumuuliza yeye ni nani. Alimuuliza:

"Leo wapi?"

"Nyonga zote mbili, mama. Mgongo. Na vidole."

"Na mtoto?"

"Kanyamaza tangu jana."

Bi Masika akaweka chungu motoni. Akamnywesha, akamkanda, akamfunika, akamnywesha tena. Jioni, mchanga wa moto ukiwa umefungwa kiunoni mwake, mtoto aligeuka akampiga teke la ubavuni, na Mwanawema akamtukana kwa furaha.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Nisidanganye nikasema maradhi yaliondoka. Hayakuondoka. Yalimrudia katika arobaini ile ile, na yaliendelea kumrudia maisha yake yote, na mchanga ulikaangwa Makoongwe na baadaye ukakaangwa Mgogoni.

Katika hiyo arobaini Bi Radhiya alivuka kuja kumwona mjukuu. Alimkuta Mwanawema kalala kwa ubavu, mtoto kifuani, na Bi Masika anakaanga mchanga. Vitambaa vya kukandia vilikuwa vimeungua kwa moto, vimetoboka, mchanga unavuja kitandani.

Bi Radhiya alimbusu mtoto, kisha akafungua furushi lake kwa heshima. Ndani mlikuwa na chupa ya marashi na kitambaa cha bafta nyeupe, mpya, bado inanuka duka.

"Ya ruhani," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemletea mwenyewe."

Mwanawema akanyoosha mkono akaichukua ile bafta. Akaipapasa. Ilikuwa nguo imara, nzuri. Akautia upindo wake mdomoni, akaung'ata, ukapasuka.

"Yallah!" Bi Radhiya alishika kichwa. "Ruhani atakasirika!"

"Aliyekasirika ni miye, mama. Tangu siku ile ya karafuu ni miye." Akamwekea ncha moja ya bafta mkononi. "Mchanga unapoa. Shika hapo, uvute."

Bi Radhiya akaitazama ile ncha. Akamtazama mke wa mwanawe, vile vidole vyake vilivyovimba, akavitazama muda mrefu kama hajawahi kuviona.

Akavuta.